Kuhamia London: panga pesa kwa tarehe kabla ya kuipanga kwa kiasi

Anayejiandaa kuhamia London huuliza kwanza: maisha huko ni pauni ngapi kwa mwezi? Swali zuri, lakini lina swali la kulitangulia. Wageni niliowaona wakikwama wiki ya tano au ya sita, wengi wao mshahara ulikuwa unatosha. Tatizo ni kwamba pesa ilitoka tarehe 6 ya mwezi huu, na ya kuingia ilikuwa tarehe 31 ya mwezi unaofuata. Katikati hapo hakuna duka la kukuandika daftarini, benki bado haikujui, na ndugu uliyefikia kwake naye anahesabu zake.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kalenda. Chukua daftari au fungua jedwali kwenye simu, chora safu tatu: tarehe, inayotoka, inayoingia. Kiasi tutakijaza tukienda.

Hatua ya 1: Chora siku 60 za kwanza

Tuseme unafika tarehe 5 Septemba na kazi inaanza tarehe 15. Waajiri wengi Uingereza hulipa mara moja kwa mwezi, mwishoni, kwa kazi uliyokwisha kuifanya. Ofisi ya mishahara nayo hufunga orodha yake mapema, mara nyingi katikati ya mwezi. Ukiingia orodha imeshafungwa, siku zako za Septemba zitalipwa pamoja na za Oktoba. Maana yake pesa ya kwanza unaishika tarehe 31 Oktoba, siku 56 baada ya kutua.

Hivyo kabla hujakata tiketi, mwandikie mwajiri barua pepe yenye maswali mawili tu: mshahara hulipwa tarehe ngapi, na orodha hufungwa tarehe ngapi. Ukijua utaangukia upande mbaya wa orodha, uliza kama wanatoa sehemu ya mshahara mapema. Baadhi hutoa, lakini ni kwa anayeuliza.

Mwanafunzi kalenda yake ni tofauti. Viza ya masomo ya shahada inaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na hairuhusu kujiajiri. Kupata hizo saa 20 kwenyewe kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Mahesabu ya serikali yenyewe yanakupa kipimo: kwa maombi ya kuanzia 11 Novemba 2025, anayesoma London anatakiwa aonyeshe £1,529 kwa kila mwezi, hadi miezi 9, jumla £13,761, na pesa hiyo iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Ukiikopa kwa ajili ya kuonyesha tu kisha ukairudisha, utafika London ukiwa na viza na bila kodi ya nyumba. Nimeona watu wakifanya hivyo. Sikuona hata mmoja ambaye mwaka wa kwanza ulimwendea vizuri.

Jedwalini, weka kila kitu kitakachotoka katika siku hizo 60: malazi ya muda, dipoziti, kodi ya mwezi wa kwanza, nauli, chakula, laini ya simu, koti, shuka na sufuria. Halafu ongeza moja ya kumi juu, kwa sababu kiwango cha kubadilisha fedha utakachopewa siku ya safari hakitakuwa kile unachokiona leo. Jumla hiyo ndiyo pesa ya kusafiri nayo. Ukiibeba taslimu, kumbuka £10,000 au zaidi lazima uitangaze forodhani.

Hatua ya 2: Jua mshahara unaotia mfukoni

Mkataba huandika mshahara wa mwaka, tena kabla ya makato. Chukua mfano wa £30,000. Pauni 12,570 za kwanza hazitozwi kodi ya mapato. Zinazobaki hukatwa asilimia 20, yaani £3,486 kwa mwaka. Bima ya taifa, ile inayoitwa National Insurance, hukata asilimia 8 juu ya kiwango hichohicho: £1,394.40. Unabaki na £2,093 hivi kwa mwezi. Kisha kama umetimiza miaka 22 mwajiri atakuingiza kwenye mfuko wa pensheni bila kukuuliza, na kwa mchango wa kawaida wa kima cha chini hapo zinatoka kama £79. Mkononi: takriban £2,014. Kujitoa kwenye pensheni kunaruhusiwa, lakini ukijitoa unapoteza pia mchango wa mwajiri. Binafsi nisingejitoa.

Hapa pana mtego ambao watu hawauambiwi. Mwaka wa kodi Uingereza huanza 6 Aprili. Ukianza kazi katikati ya Septemba, na kwenye fomu ya mwajiriwa mpya umetia alama kwamba hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu Aprili, unapewa msamaha wa kodi wa miezi yote iliyopita kwa pamoja. Kwa mshahara wa mfano wetu, kodi ya mapato hutaiona Oktoba, wala Novemba, wala Desemba. Itaanza kuchungulia Januari, na Februari itakuja kamili, kama £290 kwa mwezi. Anayepanga maisha yake kwa slipu ya Oktoba hudhani Februari ameibiwa. Panga tangu mwanzo kwa £2,014, na kinachozidi miezi ya mwanzo kiweke pembeni.

Usipoijaza fomu hiyo, mambo hugeuka upande wa pili: unaweza kukatwa zaidi ya inavyostahili, na kurudishiwa huchukua muda. Namba ya National Insurance nayo isikuzuie kuanza kazi. Mwenye haki ya kufanya kazi anaweza kuanza huku namba ikishughulikiwa.

Hatua ya 3: Chumba

Hapa ndipo bajeti yote inapopona au kuvunjika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa mgeni, chumba ndani ya nyumba ya kushirikiana ndicho cha kuanzia. Fleti ya peke yako iache kwanza: mbali na kodi, inakuletea bili zote kwa jina lako kabla hujajua hata mita iko wapi. Vyumba hutangazwa sana kwenye tovuti ya SpareRoom. Rightmove na Zoopla wamejaa zaidi nyumba nzima.

Soma tangazo kwa makini. Lenye herufi pw ni kodi ya wiki, lenye pcm ni ya mwezi. Kosa la kawaida ni kuzidisha ya wiki kwa 4. Mwezi hauna wiki nne kamili, na mwaka una wiki 52. Chumba cha £220 kwa wiki hakigharimu £880 kwa mwezi: zidisha kwa 52, gawanya kwa 12, unapata £953.33. Hiyo tofauti ya £73 kwa mwezi ni nauli ya mtu.

Sheria iko upande wako zaidi kuliko unavyodhani. Tangu 1 Juni 2019, ajenti au mwenye nyumba nchini Uingereza haruhusiwi kukutoza ada ya kuonyeshwa nyumba, ya kukaguliwa wala ya kuandikiwa mkataba. Pesa ya kushikilia chumba isizidi kodi ya wiki moja. Dipoziti isizidi kodi ya wiki tano, kama kodi ya mwaka haifiki £50,000. Kwa chumba cha £900 kwa mwezi, wiki tano ni £1,038.46. Ongeza kodi ya mwezi wa kwanza: unalipa £1,938.46 kabla hujalaza ubavu. Andika jedwalini, tarehe na yote.

Kwa mkataba wa kawaida wa upangaji, dipoziti lazima iwekwe kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30, na mwenye nyumba akupe maelezo ya mfuko huo kwa maandishi. Mifuko ni mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Lakini ukiishi nyumba moja na mwenye nyumba, mkichangia jiko na bafu, ulinzi huo wa dipoziti haukuhusu. Chumba cha namna hiyo mara nyingi huwa nafuu na hakina makaratasi mengi. Ni juu yako kupima, ila usimpe mwenye nyumba wa aina hiyo dipoziti kubwa.

Kuanzia 1 Mei 2026 kuna badiliko lingine: mwenye nyumba wa kawaida haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele. Zamani mgeni asiye na historia ya malipo alikuwa anaambiwa alipe miezi sita kwa mkupuo. Mlango huo ukifungwa, mzigo unahamia kwa mdhamini. Ajenti wengi hutaka mshahara wa mwaka uwe angalau mara 30 ya kodi ya mwezi, au upate mdhamini anayeishi Uingereza. Kwa £30,000, dari lako ni £1,000. Zipo kampuni zinazosimama kama mdhamini kwa ada, na ada hiyo hairudi. Iingize kwenye hesabu ya siku 60. Sheria hiyo mpya pia inakuruhusu kuondoka wakati wowote kwa notisi ya miezi miwili, kwa hiyo ukihama jihesabie kwamba huenda ukalipa kodi mbili kwa wiki chache.

Usitume pesa ya chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakikanyaga. Picha nzuri, bei ya chini kuliko majirani, mwenye nyumba ambaye yuko safarini: ukiona vitatu hivyo pamoja, ondoka. Lipia malazi ya muda wiki mbili au tatu, ukaone vyumba kwa macho.

Na kama unafikia kwa ndugu? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la London ni bili ya umeme. Kubaliana mapema utachangia kiasi gani na utakaa hadi tarehe ngapi. Muulize pia kama mkataba wake unamruhusu kuweka mtu, kwa sababu mikataba mingi hairuhusu, na ukimponza anafukuzwa yeye na wewe. Wiki tatu zenye mchango uliotajwa wazi zinalinda udugu kuliko miezi miwili ya kimyakimya.

Hatua ya 4: Nauli ihesabu ndani ya kodi

London imegawanywa kwa kanda za nauli, 1 ikiwa katikati. Kadiri unavyotoka nje ndivyo kodi inavyoshuka na nauli ya treni inavyopanda. Watu hushangilia chumba cha kanda ya 5 bila kukumbuka kwamba kazi iko kanda ya 1.

Fanya hivi kwa kila chumba unachokifikiria. Ingia kwenye kikokotoo cha nauli cha Transport for London, weka kituo cha karibu na nyumba na cha kazini, zidisha kwa kwenda na kurudi, kisha kwa siku 21 za kazi. Tuseme chumba cha kwanza ni £950, na basi moja linakufikisha kazini. Cha pili ni £780, ila treni inakula £12 kwa siku. Kwa nauli ya basi ya £1.75 (ndiyo iliyokuwapo 2025), cha kwanza kina nauli ya £73.50 kwa mwezi, jumla £1,023.50. Cha pili kina nauli ya £252, jumla £1,032. Kile cha bei rahisi kimekuwa ghali, na bado hujahesabu saa unazolala ukiwa umesimama ndani ya behewa.

Mabasi hayana kanda. Hilo ndilo jambo la kushika. Nauli ni ileile uvuke mtaa mmoja au mji mzima, na ukipanda basi la pili au la tatu ndani ya saa moja tangu uguse la kwanza, hulipi tena. Yana pia kikomo: mwaka 2025 kilikuwa £5.25 kwa siku na £24.70 kwa wiki. Anayeishi kwa mabasi tu hakuzidi kama £107 kwa mwezi hata angezunguka vipi. Chumba kilicho kwenye njia ya basi linalopita mlangoni pa kazi yako kina thamani kuliko chumba kilicho karibu na stesheni.

Mengine ya nauli kwa ufupi. Mabasi hayapokei taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi ya benki au Oyster, kadi ya nauli ya London. Kikomo cha wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na kinafanya kazi ukitumia kifaa kilekile kila mara: kadi leo na simu kesho, hata kama akaunti ni moja, mashine inaona watu wawili. Kwenye treni ya chini ya ardhi gusisha unapoingia na unapotoka, la sivyo unatozwa nauli ya juu kabisa. Muda wa nauli ghali ni saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 hadi 1 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Wanaofanya usafi wa maofisi, wanaogusa kadi kabla ya saa 12 na nusu, wanalipa nafuu. Angalau alfajiri ina zawadi hiyo moja. Watoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye mabasi na treni ya chini ya ardhi.

Hatua ya 5: Bili za nyumba

Tangazo likisema bili zimo, uliza: zipi? Gesi, umeme, maji, intaneti na kodi ya manispaa, zote tano? Na je, kuna kikomo cha matumizi ambacho mkikipita mnachangishwa? Jibu litakiwe kwa maandishi.

Kodi ya manispaa, ambayo kwenye bahasha utaisoma kama Council Tax, ndiyo inayowashtua wageni zaidi. Inalipwa na mkaaji, hata kama ni mpangaji, juu ya kodi ya nyumba. Nyumba zimepangwa kwa madaraja A hadi H kulingana na thamani yake ilivyokuwa 1 Aprili 1991, na kila manispaa ina kiwango chake, hivyo fleti mbili zinazotazamana kuvuka barabara zinaweza kulipa tofauti. Andika anwani kwenye tovuti ya serikali uone daraja kabla ya kusaini. Ukiishi mtu mzima peke yako unapunguziwa asilimia 25, ila lazima uombe. Nyumba yenye wanafunzi wa muda wote pekee hailipi kabisa. Chukua cheti chuoni, kipeleke manispaa. Na usiiruke awamu hata moja: ukichelewa na ukapuuza ukumbusho, unaweza kudaiwa mwaka mzima kwa mkupuo.

Gesi na umeme. Siku ya kupokea funguo, piga picha mita zote mbili, tarehe ionekane. Mpe msomo huo kampuni inayohudumia nyumba, usije ukalipa joto la aliyekutangulia. Kama ni mita ya kulipia kabla, ya kuongeza salio, usiweke hata pauni moja kabla ya kuipigia kampuni simu, kwa sababu ufunguo wa zamani unaweza kuwa umebeba deni lake. Kuna ada ya kila siku inayokatwa hata usipowasha taa. Na kile kikomo cha bei ambacho utasikia kwenye habari kikibadilishwa kila baada ya miezi mitatu, ni kikomo cha bei ya uniti na ile ada ya siku. Bili yako haina kikomo.

Leseni ya televisheni ilikuwa £174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025. Unaihitaji ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote, au BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama mtandaoni. Asiyetazama hivyo hatakiwi kulipa, na barua za vitisho zitakuja tu. Ingia kwenye tovuti yao, tamka kwamba huhitaji.

Hatua ya 6: Chakula na vitu vidogo

Chakula cha kupika nyumbani London hakitishi kama kodi. Kinachotisha ni cha kununua ukitembea: sandwichi, kahawa, soda, kila siku. Tenga kiasi cha wiki, mimi ningeanza na £50, na ukikimaliza Ijumaa basi Jumamosi unakula kilichomo kabatini.

Maduka makubwa yaleyale yana matawi madogo mitaani yanayouza ghali zaidi. Tembea hadi tawi kubwa, au maduka ya bei nafuu ya Aldi na Lidl. Chukua kadi za uanachama, ni bure, na bei ya asiye na kadi huwa ya kuadhibu. Jioni tafuta stika za njano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe. Ndizi, mihogo, bamia, samaki na unga wa mahindi vipo Ridley Road kule Dalston, Rye Lane kule Peckham, na Queen's Market karibu na Upton Park. Maji ya bomba yananyweka. Usinunue ya chupa.

Laini ya simu chukua ya kulipia mwezi kwa mwezi, isiyo na mkataba wa miaka. Kadi ya benki: benki za kwenye simu nyingi hazidai bili yenye anwani, ile ambayo huwezi kuwa nayo kabla ya kuwa na benki. Koti nunua baada ya kufika, kwenye maduka ya hisani yanayouza mitumba, ila viatu visivyopitisha maji nunua vizuri na vipya.

Daktari wa mtaa ni bure. Jisajili wiki ya kwanza kabla hujaugua. Kwenye duka la dawa kila dawa uliyoandikiwa ni £9.90, bei iliyoanza Mei 2024. Meno hulipiwa. Mwenye kipato kidogo, mwanafunzi akiwemo, anaweza kujaza fomu HC1 na kupunguziwa au kusamehewa gharama hizo.

Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wana nafasi ambayo wengi hawaitumii: kama raia wa Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kuishi nchini, unaweza kujiandikisha kupiga kura. Mbali na kura yenyewe, daftari hilo ndilo kampuni za mikopo hutazama kuthibitisha anwani. Historia yako ya malipo huanza hapo.

Hatua ya 7: Viza na nyumbani

Gharama hizi mbili hazimo kwenye vikokotoo vya maisha vya mtandaoni, kwa sababu vimetengenezwa kwa wenyeji.

Viza huisha. Ada ya huduma ya afya peke yake, kwa mtu mzima, ni £1,035 kwa kila mwaka wa viza tangu Februari 2024. Wanafunzi na watoto ni £776. Inalipwa yote kwa pamoja siku ya maombi. Kuongeza viza ya miaka mitatu ni £3,105 kabla hujagusa ada ya maombi yenyewe. Gawanya kwa miezi 36: £86.25 kila mwezi, kwa kila mtu mzima. Wenye familia wazidishe kwa idadi ya vichwa, kisha wakae chini. Anayeanza kuweka mwezi wa kwanza hatakopa mwezi wa 35.

Kutuma nyumbani nako kupe mstari wake, kiasi na tarehe. Waambie mapema kwamba miezi mitatu ya mwanzo hakuna, kisha tamka kiasi utakachoweza kila mwezi bila kuruka. Kiasi kidogo cha uhakika kinawasaidia kupanga kuliko kikubwa cha kubahatisha. Ukilinganisha programu za kutuma, usitazame ada peke yake. Tazama shilingi ngapi zitafika. Wasiotoza ada mara nyingi hula kwenye kiwango cha kubadilisha.

Hatua ya 8: Karatasi ya mwezi

Kwa £2,014 mkononi, mtu mmoja, mfano wangu ungekuwa hivi. Chumba chenye bili zote £900. Nauli £150. Chakula £220. Simu £10. Sabuni, kinyozi au msusi, dawa £50. Nguo na viatu £40. Nyumbani £150. Viza na dharura £250. Kutoka na marafiki £120, kwa sababu bajeti isiyo na mstari huo huvunjwa wikendi ya kwanza. Jumla £1,890. Zinabaki £124 zisizo na jina. Ziache bila jina. Sufuria itaungua, simu itaanguka.

Siku mshahara unapoingia, siku hiyohiyo hamisha kwa maagizo ya benki yanayojiendesha: kodi, viza, nyumbani. Za chakula na nauli ziende kwenye kadi ya pili ambayo ndiyo pekee unayotembea nayo. Kama mwenye nyumba anataka kodi tarehe 1 na mshahara unaingia tarehe 28, hapo sawa. Kama anataka tarehe 20, mwombe aisogeze. Wengi hukubali ukiomba kabla ya kusaini.

Karatasi hii utaifanyia marekebisho, lakini usiifunge kabla ya Februari. Huo ndio mwezi ambao kodi ya mapato inakatwa kamili kwa mara ya kwanza, na bili ya joto la Januari inatua mezani kama umeingia nyumba isiyo na bili ndani. Kwa upande mwingine, wanaolipa kodi ya manispaa kwa awamu 10, Aprili hadi Januari, hawana awamu Februari wala Machi. Hiyo nafasi ya miezi miwili iandike jedwalini leo, kwa jina la bili ya joto.